Leseni Yangu Inaishia Kiwikoni

Mkono naujua.
Mshipa wa mkono nikiupapasa gizani
nitakwambia unakimbilia wapi,
kama umechoka kuchomwa au bado una subira.
Miaka kumi na mmoja nimeidunga mikono ya Nairobi:
ya wachukuzi wa Gikomba, ngozi kama soli,
ya watoto wa Kariobangi, mishipa kama uzi wa kushonea vifungo.

Huu si wa mkono.
Mpira huu umeingia chini ya mtulinga wa Bwana Galgalo,
ukashuka kimyakimya hadi mlangoni pa moyo.
Nje umeacha mikia mitatu,
wa kahawia, wa buluu, mweupe,
na kila mkia una kifuniko,
na kila kifuniko kina watu wanaoruhusiwa kukifungua.
Mimi simo.

Saa tisa kasorobo, usiku wa Julai.
Baridi imeingia hata kwenye trei.
Pampu inalia kama kifaranga kilichofungiwa nje.
Nainyamazisha. Inaanza tena.
Sista Gakii ameitwa orofa ya nne, kuna mama anavuja damu,
na lifti imekufa tangu Jumatatu.
Wodi imebaki na mimi
na vitanda ishirini na viwili.

Sirinji ya maji ya chumvi hii hapa.
Hatua nazijua:
sugua kifuniko, hesabu hadi kumi na tano, acha kikauke,
sukuma, simama, sukuma, simama,
funga klampu kabla kidole hakijalegea.
Mara mia nimeshika tochi wengine wakifanya.
Na mara moja, sitasema wodi gani,
nilifanya.
Hakuna kilichotokea. Mgonjwa alilala.
Mimi sikulala wiki mbili;
kila simu ikilia nilidhani ni homa yake inanitafuta.

Binti yake ameshika reli ya kitanda.
"Si ni maji tu, sista? Si ni maji na chumvi?"
Ni maji tu, mwanangu.
Lakini mdudu mmoja kutoka kidoleni mwangu
mkononi angekuwa na safari ndefu, angepotea njiani.
Hapa ni hatua mbili, yuko sebuleni.
Hayo siyasemi. Nasema, "Nimepiga simu. Anakuja,"
na maneno yana ladha ya chai ya jana kwenye flaski.

Galgalo anafungua jicho moja.
Anamwambia binti kitu kwa Kiborana, kifupi,
kisha ananigeukia:
"Kibandani kwangu Ngara, redio yoyote nitaifufua.
Lakini mtu akiniletea mita ya stima, ina lakiri,
namrudishia.
Si kwamba siijui ndani.
Naijua sana. Ndiyo maana."
Anafumba jicho.

Basi nafanya yaliyo yangu.
Nafuata mpira kwa macho, sentimita kwa sentimita,
nione kama bega limeulalia.
Halijaulalia.
Plasta: kona ya chini imeinuka,
kuna unyevu, upana wa shilingi.
Naandika saa, rangi, upana.
Homa: thelathini na saba nukta nane. Naandika.
Nafunika miguu yake, mirefu kuliko blanketi la serikali.
Napiga simu tena.
Kitanda cha tisa anaomba bakuli. Nampelekea. Narudi mbio.

Saa tisa na dakika ishirini
Sista Gakii anatokea, ngazi zote ziko kifuani mwake.
"Umegusa?"
"Sijagusa."
Anasoma nilichoandika. Anasoma tena.
"Hii plasta uliiona saa ngapi?"
"Iko hapo."
Hasemi asante. Ananawa, anavaa glovu,
anavuta hewa kama mtu anayetaka kuchungulia kisima.
"Shika tochi."

Nashika.
Mwanga unatua juu ya mkia wa kahawia.
Anaanza kusugua,
na midomo yangu, bila idhini ya mtu,
inahesabu naye
hadi kumi na tano.